Ugomvi wa Alfajiri, Kosa la Saa Nne

SWALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Nina miaka 34, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huko Bamburi. Mume wangu anaendesha kreni bandarini Kilindini kwa zamu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Twakaa Likoni na watoto wawili. Akirudi hanisemeshi. Avua viatu, aketi, ashika simu. Nikimwuliza jambo anijibu neno moja. Nami pia huwa nimechoka, maana kutoka Bamburi hadi nivuke feri, siku mbaya, ni saa mbili nzima.

Mwezi uliopita tuligombana alfajiri kwa sababu ya karo ya mtoto. Nikaenda kazini na moto wangu kifuani. Saa nne nikampa mgeni ufunguo wa chumba kilichokuwa na mtu ndani. Meneja akanifokea mbele za watu, kisha nikapewa barua ya onyo. Mama mkwe asema dawa ni niache kazi nitulie na nyumba. Barua ya kuacha nimeshaiandika, iko ndani ya mkoba. Niitoe?
Mama wa Wawili, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiitoe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale kwenye ufunguo wa chumba. Mimi nimekuwa karani wa wakala wa forodha miaka 22, hapo Mombasa mjini. Asubuhi moja nilitoka nyumbani tumeshatupiana maneno na marehemu mzee wangu juu ya ndugu yake aliyekuja kukaa siku tatu akamaliza miezi minne. Nilipofika ofisini nikajaza fomu ya kontena na kukosea tarakimu mbili za namba yake. Mzigo ukakwama bandarini, gharama za kuhifadhi zikapanda kila siku, na mwenye mzigo alikuja akalia mbele ya meza yangu. Yule mama alikuwa ameleta vitambaa vya kuuza Idi, na Idi ikampita. Sijamsahau mpaka leo. Kwa hivyo sikuoni mzembe. Mtu haachi moyo wake kizingitini anapofunga mlango.

Mama mkwe ameona kweli kwamba nyumba na kazi zinaumizana, lakini amekosea mlango wa kuingilia. Mwaka 2003, Wamarekani wawili, Stacy Rogers na Dee May, walichapisha utafiti wa watu wenye ndoa waliofuatiliwa kwa miaka 12. Ndoa ilipozidi kumridhisha mtu, na kazi yake ilizidi kumridhisha. Mizozo ilipoongezeka nyumbani, raha ya kazi ilipungua. Athari ya kutoka nyumbani kwenda kazini ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, kwa wanawake na wanaume vilevile. Sasa fikiria: ukiacha kazi, karo iliyowagombanisha italipwa na mshahara mmoja, na yeye ataongeza zamu. Je, huo ugomvi utakuwa umekwenda wapi?

Tuje kwenye kimya chake, maana nahisi hapo ndipo panapokuuma kuliko barua ya meneja. Mtu ameketi juu kabisa ndani ya kijumba cha kioo, chini yake kontena la futi 40 laning'inia na watu wapita. Saa zote hizo hana ruhusa ya kuwaza jambo jingine. Akishuka, kichwa hakishuki naye papo hapo. Mtafiti Rena Repetti aliwachunguza waongozaji ndege wa Marekani, wale wanaoelekeza ndege wakiwa ardhini, kazi ya namna hiyohiyo, na mwaka 1989 akaeleza alichokiona: siku za kazi nzito walirudi nyumbani wakajitenga, na wenzi wao walipowaunga mkono, walijitenga zaidi lakini hasira zilipungua.

Hilo mimi nililijua kwa macho kabla ya kulisoma. Mzee wangu alikuwa baharia wa tagi, chombo cha kuvuta meli. Akirudi aliketi barazani na viatu miguuni, akitazama barabara. Miaka ya mwanzo nilimfuata hukohuko na orodha yangu: gesi, maji, mtoto ana homa. Tukaishia kupigiana kelele hadi jirani wafunge dirisha. Baadaye nikawa naweka kahawa pembeni yake na kuondoka. Nusu saa hivi, nasikia kiatu cha kwanza chaanguka sakafuni, halafu cha pili, halafu ananiita jina langu. Chakula kikingoja chini ya kawa.

Lakini sikiliza vizuri, sikutumi ukawe mtumishi wa kimya chake. Nawe umesimama siku nzima ukiwachekea wageni, ukasimama tena kwenye foleni ya feri. Nusu saa ni yako pia. Siku atakayotangulia yeye kufika, yeye ndiye ashughulike na watoto, nawe ukae bila kuulizwa neno. Mkubaliane kwa kutamka, si kwa kubahatisha.

Mambo ya pesa yasizungumzwe alfajiri kamwe. Hiyo ni saa ya mtu kutafuta soksi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Chukueni ratiba zenu mbili, mzitandaze mezani, mtafute siku zinazokutana. Mkiona hazikutani kabisa, mwombe msimamizi wako akubadilishie siku ya mapumziko. Mwezi wa tano hoteli za pwani hupungukiwa na wageni, ni rahisi kusikilizwa. Karo ijadiliwe siku hiyo, mmeshakula, simu zote mbili ziko chumbani.

Na umwambie habari ya ule ufunguo. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema anajua kwamba ulipewa onyo. Mwambie ilivyokuwa, saa nne, mbele ya wageni, bila kumlaumu. Kisha niandikie alivyokujibu.