Nimenunua folowa elfu kumi, mbona mapazia hayatoki?

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Mwanza, nauza mapazia Instagram. Nilikuwa na folowa 1,800, mwezi wa tatu nikanunua elfu kumi kwa kijana mmoja kwa sh. 35,000 ili page ionekane ina watu. Sasa laiki hazivuki 25 na oda zimepungua kuliko zamani. Naomba kujua saa nzuri ya kupost ni ipi? Pia kuna grupu la WhatsApp la kulaikiana, nijiunge?

JIBU: Salama dada'angu. Swali la saa naletewa karibu kila siku. Saa ilikuwa na uzito enzi zile Instagram inapanga post kwa muda, aliyepost mwisho ndo anakaa juu, lakini tangu 2016 walianza kupanga kwa kukisia nani atapenda nini. Fungua Insights, pale Instagram inapokuonyesha takwimu za page yako, uone watu wako wanakuwa hewani saa ngapi, post hapo, imeisha hiyo.

Ila ukiwa humohumo Insights shuka mpaka panapoandikwa miji. Juzi nilikaa na dada mmoja anauza madera, tukafungua simu yake, mji wa kwanza Jakarta, wa pili Mumbai, Dar yenyewe ya nne. Akaitazama ile skrini, akaniuliza, "Sasa hawa wanavaa dera?" Nikamwambia wengi wao hata watu sio.

Kinachonikera kuliko vyote ni hii imani kwamba folowa wa kununua hata wasiponunua kitu hawana madhara, eti ni pambo tu la page. Wana madhara, na ndo yamekupata. Ukipost, Instagram inawaonyesha kwanza baadhi ya wanaokufuata halafu inawachungulia: wamesimama wakaangalia au wamepita? Wamelaiki? Wamemtumia mtu mwingine? Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, ameshayasema haya waziwazi zaidi ya mara moja, muda wa kuangalia, laiki, na kutumiana. Sasa piga hesabu, tuseme kwa mfano post imeenda kwa 100. Zamani wote mia walikuwa na madirisha nyumbani kwao. Leo kama 85 kati yao ni akaunti hewa, wakibaki 15 na wakalaiki watatu, mashine ya Instagram inayopanga post inasoma tatu kwa mia, inaona hiki kitu hakina mvuto, inakifungia hapohapo. Yule mama wa Nyegezi aliyekuwa anakuuliza kitambaa kipya kinaingia lini, post hazimfikii tena, na wewe unadhani amekuhama.

Grupu la kulaikiana usijiunge. Muuza mkaa na mtengeneza kucha watakulaiki bila hata kuangalia ili na wewe uwalaiki, mashine itachukulia kwamba mapazia yako yanapendwa na watu wa mkaa na kucha, itawatafuta wengine wa aina hiyohiyo. Na zile programu zinazokulaikia na kukufolia watu zenyewe bila wewe kugusa simu, ndo usiziguse kabisa, Novemba 2018 Instagram walitangaza kwamba wanaziondoa laiki, folo na komenti zinazotoka huko.

Cha kufanya: ingia kwenye orodha ya folowa uwatoe wale hewa kwa mkono, wachache wachache kila siku, kazi inachosha najua. Na acha ile tabia ya "bei njoo DM" jamani! Mtu kauliza bei hadharani, mwandikie palepale mita moja shilingi ngapi na dirisha la futi tano linakula mita ngapi, utaona wa chini yake anauliza "na la futi sita je?", hapo ndo maongezi yanaanza na mashine inayaona. Piga kavideo kafupi umeshika futi kamba unapima dirisha kweli, sio picha za mapazia ya Uturuki ulizotoa Google. Video ya hivyo mwanamke anamtumia mumewe usiku huohuo. Na usiifanye ndefu, watu wanaangalia kwa bando.

Ila hawa wauza folowa nina ugomvi nao wa siku nyingi. Wanakwambia "folowa wa uhakika, hawapungui". Desemba 2014 Instagram walifagia akaunti feki, Justin Bieber peke yake akapungukiwa zaidi ya milioni 3, sasa wewe na elfu kumi zako nani akulinde? Marekani kampuni moja ya kuuza folowa, Devumi, ilifikishwa mbali na tume yao ya biashara, FTC, mwaka 2019 hukumu ikawa dola milioni 2.5. Huku kwetu wapo tu wanakutumia skrini shoti za "wateja walioridhika". Wengine wanauza akaunti nzima, eti ina elfu hamsini, kumbe ilikuwa page ya udaku imebadilishwa jina, wewe unaweka mapazia na wenyewe bado wanasubiri kuambiwa nani kaachana na nani.

Na wabaya zaidi ni wale wanaoomba paswedi "ili waingize folowa haraka". Unampa, wiki mbili baadaye page yako inawaandikia wateja wako walipie oda kwenye namba usiyoijua, ni ndugu yake ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Nimeshaletewa kesi za hivyo nyingi tu, mtu analia, wateja wanamdai yeye.

Kwa hiyo kama huyo kijana wa 35,000 ulimpa paswedi, ibadilishe leo kabla hujalala, washa uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai kodi nyingine baada ya paswedi, halafu angalia orodha ya simu zilizoingia kwenye akaunti yako. Ukikuta simu usiyoijua iko mji ambao hujawahi kukanyaga, itoe kwanza, hao wa Jakarta utaanza nao kesho.