Nikiuza mtungi wa kuzamia uliotumika, ajali ni juu yangu?

SWALI: Habari mhariri, mi niko Chumbageni Tanga, nanunua vifaa vya kuzamia vya mtumba nauza tena, sasa kuna mdogo wetu wa Raskazone anataka mtungi na regulata (kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi mdomoni), nikimwandikia "nimeuza kama kilivyo" akiumia huko chini si nimeshajinasua?

JIBU: Hapana kaka, hiyo karatasi pekee haikuokoi. We ni mfanyabiashara, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi amekwambia anaendea, akiwa ametegemea ujuzi wako. Na ukijua kuna ubovu ukauficha huo ni udanganyifu, mkataba anaweza kuuvunja na fidia akadai. Angalia shingoni mwa mtungi, tarehe ya kupimwa kwa presha ya maji imegongwa pale kwenye chuma, kama imepita miaka 5 usimpe, mpelekee fundi kwanza, maana mtungi ukijaa presha ya hewa ndani huwa kama baa 200 (baa ni kipimo cha presha) na kutu ya ndani huioni kwa nje. Regulata nayo ifanyiwe sevisi, mwandikie kila ulichokiona, asaini, nakala ubaki nayo. Halafu muulize kama amesomea kuzamia. Kama bado, mdogo wangu huyo, usimuuzie kwanza.