Word na Excel Zikikataa Kufunguka Baada ya Kusafisha Kompyuta

Kompyuta ya ofisi ikianza kuwa nzito, mtu hupakua programu ya kusafisha, akabonyeza kitufe kimoja na kufurahia gigabaiti zilizopatikana. Kesho yake karani wa kliaringi pale bandari ya Kilindini, Mombasa, anafungua Excel atoe orodha ya makontena. Kiduara kinazunguka, kisha kimya. Wengi hapo hukimbilia kuiondoa Office nzima na kuiweka upya. Tafadhali usianze hivyo. Kama faili za usakinishaji zimefutwa, hata kuiondoa kunaweza kukwama katikati. Na kama hukumbuki barua pepe au namba ya leseni iliyotumika siku ya kwanza, utabaki na Office inayofungua nyaraka bila kukuruhusu kuzihariri.

Soma kwanza ujumbe wa kosa. Upige picha kwa simu, kwa sababu huo ndio unaokuelekeza kwenye kitu kilichofutwa au kuzimwa.

Ikiwa hakuna ujumbe wowote, au programu inasema tu kwamba kuna hitilafu, shuku huduma iliyozimwa. Programu za kuongeza kasi hupenda kuzima huduma zinazoanza pamoja na Windows, na Office nyingi za miaka hii hutegemea mojawapo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, kisha utafute Microsoft Office Click-to-Run Service. Ibofye mara mbili, weka Startup type iwe Automatic, bonyeza Apply kisha Start, halafu uwashe kompyuta upya. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji bando.

Ujumbe ukitaja VCRUNTIME140.dll, kuna mtu aliyeona Microsoft Visual C++ Redistributable, kifurushi cha faili ambazo programu nyingi huzitegemea, imejirudia mara nyingi kwenye orodha ya programu akadhani ni nakala za ziada. Si nakala. Kila toleo lina programu zake zinazolitegemea, na ya x86 (biti 32) haifanyi kazi ya x64 (biti 64). Pakua kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, uweke zote mbili, x86 na x64, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Usipakue faili moja ya DLL kutoka tovuti zinazozigawa bure; hujui ndani yake mmewekwa nini.

Kesi ngumu zaidi ni ya folda C:\Windows\Installer. Imefichwa, huwa kubwa, na msafishaji akiiona hushawishika kuifuta. Ndani yake Windows huhifadhi faili za usakinishaji na masasisho, .msi na .msp, ambazo Office za zamani, kwa mfano ya 2010, huzihitaji zinaporekebishwa, kusasishwa au kuondolewa. Zikikosekana, utaombwa uonyeshe mahali faili ya usakinishaji ilipo, na kila jibu litakataliwa. Kukopa folda hiyo kutoka kompyuta ya jirani hakusaidii, maana majina ya faili hutofautiana mashine kwa mashine. Kinachohitajika ni nakala uliyoihifadhi ya kompyuta hiyohiyo, au diski ya usakinishaji ya toleo lilelile.

Kama kilichosafishwa ni rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu, dalili huwa nyingine: Word inajisetia upya kila ukiifungua, au ukibofya faili ya .docx hakuna kinachotokea. Microsoft haiungi mkono visafishaji vya rejista, na sisi tunakubaliana nayo kabisa: faida yake haionekani, hasara yake huonekana siku hiyohiyo. Visafishaji vingi huuliza kama uhifadhi nakala kabla ya kufuta. Tafuta faili ya .reg kwenye Documents, angalia tarehe yake, ibofye mara mbili na ukubali. Usipoipata, andika rstrui kwenye dirisha lile la Windows na R ili kufungua System Restore, inayorudisha mfumo nyuma, uchague tarehe ya kabla ya usafi. Nyaraka zako haziguswi. Programu zilizowekwa baada ya tarehe hiyo ndizo zitakazoondoka.

Yote hayo yakishindikana, ndipo urekebishe Office yenyewe. Andika appwiz.cpl kwenye dirisha hilohilo, chagua Office, bonyeza Change, uanze na Quick Repair, ambayo haihitaji intaneti. Ikishindwa, tumia Online Repair. Hii huipakua Office upya, kwa hiyo hakikisha diski ina angalau GB 4 za nafasi na bando inatosha. Stima ikikatika katikati unaweza kubaki na Office nusu, basi kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS (betri ya akiba) na laptopu iwe kwenye chaji. Funga Outlook na unakili faili za .pst, zinazohifadhi barua pepe zake, kwenye diski ya nje kabla ya kuanza.

Kuna jambo huwapotosha watu baada ya matengenezo. Fomu za Excel za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hutumia makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, na matoleo mapya ya Office huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Vitufe vya fomu havijibu, mtu anaamini Office bado ni mbovu. Funga faili, ibofye kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, weka alama kwenye Unblock, bonyeza OK, kisha uifungue tena na kuruhusu makro. Fanya hivyo kwa fomu uliyoipakua mwenyewe kutoka iTax, tovuti ya KRA, tu, si kwa kila kinacholetwa na barua pepe. Na kwa ajili ya ritani hizo, usafi wa kompyuta usifanywe karibu na tarehe 9, siku ya mwisho ya PAYE (kodi ya mishahara), wala tarehe 20 ya VAT.

Ukitaka kusafisha tena, ingia Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Ondoa alama kwenye Downloads, maana ofisi nyingi huacha ankara zao humo. Kwanza lakini fungua kompyuta uangalie feni. Kwa joto la Mombasa, feni iliyojaa vumbi huifanya prosesa ipate moto na kujipunguzia kasi, na uzito huo hauondoki kwa kufuta faili.