Kabla ya Kupiga Ngoma, Pita Dukani

Lori letu la kutangaza juisi ya mteja lilisimama kando ya barabara ya Bombo, pale Kawempe jijini Kampala, saa nne asubuhi siku ya Jumamosi. Tulikuwa na spika kubwa, wacheza ngoma sita na wasichana wanne wa kugawa juisi kwenye vikombe vidogo. Kufikia saa nane mtaa mzima umefurika, watu wa bodaboda wameegesha pikipiki, watoto wamepanda ukutani. Nikapiga picha, nikamtumia mteja, akafurahi sana.

Jumatatu nilirudi peke yangu nikaingia katika duka moja la hapo hapo kununua maji. Hajati mwenye duka akanitambua. "Mwanangu, ngoma zenu zilikuwa nzuri," akaniambia. "Jioni ile watu walikuja kuniuliza hiyo juisi. Mimi ningewapa nini?"

Hakuwa nayo. Nilizunguka mtaa ule wote, hakuna duka lililokuwa nayo. Kampuni ile ilitumia fedha nyingi kuwatamanisha watu, na watu wakiwa bado na hamu hiyo wakanunua juisi nyingine iliyokuwa kwenye friji. Ni miaka tisa sasa, na kila ninapokaa na mteja mpya maneno ya Hajati ndiyo ninayoanza nayo.

Kazi hii wenyewe tunaiita aktivesheni: unampelekea mtu bidhaa alipo, aishike, aionje, kisha unaunganisha jambo hilo na simu yake ili mazungumzo yaendelee baada ya lori kuondoka. Ni kazi ninayoipenda. Lakini siku hizi siigusi kabla sijatembelea maduka ishirini ya eneo husika. Nauliza mzigo huletwa na nani, siku gani, na mwenye duka anabakiwa na shilingi ngapi kwa kila chupa. Mara nyingi jibu linanirudisha Kikuubo, kwa wauzaji wa jumla, maana wenye maduka madogo wengi huchukua mzigo huko. Kama muuza jumla hajaambiwa kwamba kuna kampeni, kampeni bado haijawa tayari. Iahirishwe hata kama mabango yameshachapwa.

Upande wa simu una mtego wake. Mawakala wengi wa matangazo huchukua mtindo wa nchi za nje: msimbo wa QR kwenye kipeperushi, mtu aupige picha, afike kwenye ukurasa wenye video. Hapa Uganda bando ni hesabu ya kila siku. Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na kuanzia hapo anayeitaka hupitia VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Mtu aliyezoea kuzima data mara tu anapomaliza kusoma ujumbe hawezi kuiwasha kwa ajili ya video ya sabuni.

Kilichonifaa zaidi ni kubipu. Kila mtu anajua kubipu, hakufundishwi. Tunaweka namba moja fupi ya kukumbukwa kwenye kifurushi. Mtu anabipu, laini inakatika, baada ya muda mfupi anapigiwa na kusikia sauti iliyorekodiwa: duka lililo karibu naye, bei halali, na zawadi kama ipo. Gharama ni ya kampuni. Simu ya batani inatosha. Na kila bipu inakuonyesha siku na saa watu walipokukumbuka, jambo ambalo picha za umati haziwezi kukueleza.

Sasa nije kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote nilizofanya. Wateja wengi wananitajia Coca-Cola, ile kampeni ya kuandika majina ya watu kwenye chupa iliyoanzia Australia mwaka 2011 kwa majina 150. Wanataka iigwe. Nawauliza: kwa majina yapi? Muganda ana jina la ukoo wake, mwingine ana la dini, mwingine anaitwa kwa jina la mwanawe. Utachapa mangapi, na nani ataachwa?

Mteja mmoja wa chai alitupeleka Fort Portal, mji wa magharibi mwa Uganda. Kule, katika ufalme wa Tooro, kama ule wa Bunyoro, watu wana empaako, jina la heshima na upendo ambalo mtu hupewa utotoni na huitwa nalo katika salamu: Amooti, Akiiki, Abwooli, Adyeri, Ateenyi na mengineyo. Yote kwa pamoja ni kumi na mawili. UNESCO iliiandikisha desturi hii mwaka 2013 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kumi na mawili! Vikombe vyetu vingeweza kumfikia kila mtu wa mji ule bila kumwacha hata mmoja. Mzee tuliyemwomba ushauri akatuonya kuhusu moja: Okaali ni la Omukama, yaani mfalme, usilichape kikombeni. Tukaliondoa, na nashukuru tulimuuliza kabla ya kwenda kiwandani.

Sokoni hatukuweka muziki. Tuliweka meza, birika na vikombe. Mtu akifika anasalimiwa kwanza, anaulizwa empaako yake, anamiminiwa chai katika kikombe chenye jina hilo, kisha anaondoka nacho. Bibi mmoja alichukua cha mumewe aliyelala hospitali. Picha za vikombe zilijaa kwenye WhatsApp za watu bila sisi kumlipa yeyote maarufu mitandaoni, kwa sababu kila aliyepiga picha alikuwa anajionyesha yeye na nyumbani kwao.

Tazama pia helmeti za rangi ya machungwa za SafeBoda, kampuni ya bodaboda zinazoitwa kwa simu. Zinamlinda abiria na wakati huo huo zinatangaza barabara nzima. Au mbio za kampuni ya simu ya MTN hapa Kampala, zilizoanza mwaka 2004: mkimbiaji ananunua fulana ya njano kwa fedha yake, na asubuhi ile jiji lote linakuwa la njano. Kitu kikimfaa mtu, atakibeba mwenyewe.

Kuhusu lugha nitasema machache. Usichukue tangazo la Kiluganda ukalipeleka Arua, kaskazini-magharibi mwa nchi, ukitegemea litaeleweka tu. Nimewaona watu wa huko wakilisikiliza kwa adabu na kuendelea na shughuli zao. Tulipobadili kuwa Kilugbara na Kiswahili, wakaanza kuuliza bei. Mpakani Busia na kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Kiswahili kinakufikisha mbali.

Ukikusanya namba za simu, mwombe mtu ridhaa na umweleze utazifanyia nini. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2019. Zawadi za kuchezesha bahati zinahitaji kibali cha bodi ya michezo ya kubahatisha, kwa hiyo omba mapema.

Na wale wasichana wa kugawa vikombe, wanaosimama juani tangu asubuhi wakitabasamu kwa niaba ya chapa yako: walipe jioni ile ile, na uwatafutie usafiri wa kuwafikisha nyumbani. Nimeona wakala akiwaacha Jinja saa nne usiku wakitafuta taksi za Kampala kwa nauli yao wenyewe, wakiwa bado na fulana za kampuni mwilini. Kwenye bajeti yangu malipo yao na gari lao ndiyo mstari wa kwanza, juu ya lori na spika, na mteja akitaka kupunguza gharama tunaanza na spika.