Unayeulizia hadubini, anza na wembe

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nataka kufanya kazi kama yako, lakini chuoni kwetu hakuna hadubini ya elektroni. Nianzie wapi?"

Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi. Mkubwa mmoja akanijibu mbele ya watu kwamba mtu wa Tanga asome samaki, si bahari iko mlangoni? Sijasahau. Mwezi huu makala yetu kuhusu ugandishaji wa seli imekubaliwa jaridani, na jina langu ndilo la kwanza. Mkubwa yule akiisoma, sawa. Asipoisoma, shauri yake.

Mdogo wangu, kazi iko kwenye sampuli. Hadubini ya elektroni inatazama kwa elektroni badala ya mwanga; ndani yake hewa imefyonzwa yote, na seli imejaa maji. Ukiiingiza mbichi itakauka na kuharibika. Ukiigandisha polepole, chembe za barafu zitaipasua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanasayansi Jacques Dubochet na wenzake walifanikiwa kugandisha maji ghafla mno, yakawa kama kioo, bila chembe za barafu. Mwaka 2017 yeye, Joachim Frank na Richard Henderson wakapewa Nobel ya kemia.

Njia ya zamani nayo haijafa: sampuli inazamishwa kwenye resini, kama gundi inayokuwa ngumu, kisha inakatwa vipande vyembamba kwa kisu cha almasi. Vipande vinaelea kwenye kibeseni cha maji kilicho nyuma ya makali, na unene unausoma kwa rangi. Cha fedha, kama nanomita 70 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), chukua. Cha dhahabu ni kinene, kata tena. Unavisogeza kwa unywele wa kope ulionatishwa kwenye kijiti. Ukipiga chafya, vyote vimetawanyika. Mashine ya mabilioni inasubiri kope!

Mimi mikono niliipata kwetu Ngamiani, Tanga, kwa kukata jani la mkonge kwa wembe, utomvu unawasha vidole, mpaka kipande kipitishe mwanga. Nakitia rangi, natazama kwa hadubini ya kawaida ya shule. Huko ugenini niliwakuta wenye vyeti vizito na mikono inayotetemeka. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Basi kata. Kata kila siku. Jifunze na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kisha pakua picha ghafi za hadubini ya elektroni kwenye EMPIAR, hifadhi ya mtandaoni, ni bure. Acheni kulalamikia vifaa, vijana, wembe upo dukani! Na ukiniandikia tena, niambatishie picha ya kipande ulichokata mwenyewe. Wasifu nitausoma baadaye.