Una 70,000 na wataka kompyuta ya gemu? Ukiwa Mombasa anza na umeme

Juzi kijana mmoja wa Mtwapa amenitumia orodha ya vitu alivyochaguliwa dukani: kesi ya kioo yenye feni sita za taa, prosesa ya Core i7 ya zamani, kadi ya GT 730, na pawa saplai iliyoandikwa 700W ambayo yaja bure na kesi. Bajeti yake 70,000. Aniuliza, "Dadangu, hii itanifaa ama wanipiga?" Nimemjibu kando lakini nikaona niandike na hapa, kwa sababu nyinyi wengi mnaonisoma mwataka kitu kile kile, mashine ya kwanza uijenge kwa mkono wako, icheze gemu za sasa kwa 1080p (picha ya Full HD) bila kukwamakwama, na pesa yenyewe umeichuma kwa jasho.

Wakupiga, mdogo wangu. Pesa yako yote imeingia kwenye taa na kwenye jina la i7, na kile chenye kazi ya kuchora gemu, yaani grafiksi kadi, umepewa ya mwaka 2014 ambayo hata wakati huo haikuwa ya kugemu.

Mimi yangu niliijenga kwa pesa za kadi za harusi, nachora usiku kwa laptop ya kuazima, mchana napeleka kwa wateja, kila shilingi naificha M-Pesa siigusi. Nyumbani walisema mengi. Kuna shangazi aliniambia mbele za watu kwamba msichana mwenye akili angenunua dhahabu. Nikanyamaza kwa heshima lakini liliniuma na mpaka leo laniuma. Afu nikaenda duka moja mjini na kaka yangu mdogo anisaidie kubeba, basi yule muuzaji kila nikiuliza mimi amjibu yeye. Nauliza kadi hii ina memori ngapi, amgeukia kaka, "Boss, hii yaendesha kila kitu." Kaka yangu ni mtu wa mpira wa PlayStation, hajui soketi wala nini, naye amwambia muulize dada. Akatoa kadi imeandikwa GTX 1050 Ti, bei nzuri mno, nikamwambia sawa, ichomeke kwenye mashine yako ufungue GPU-Z, ile programu ya kusoma kadi, tuione. Akakataa. Akasema nina maswali mengi. Nikamuaga nikatoka, na kadi ile ilibaki pale pale kwenye kabati.

Sasa kwa nini niliuliza? Kuna kadi za zamani kabisa ambazo watu huziandika upya BIOS, yaani programu yake ya ndani, ili kompyuta izisome kama kadi mpya. Ukiangalia jina kwenye Windows waona 1050 Ti, lakini GPU-Z yasoma chipu yenyewe na mara nyingi huiweka alama kwamba ni feki. Hata RX 580 ina ndugu yake wa 2048SP, hii ya kweli ina kori (vitengo vya kufanya kazi) 2304, ile nyingine 2048, na wauzaji wengi watakuandikia RX 580 tu wanyamaze. Kwa hivyo muuzaji akikukatalia kupima, jibu umeshalipata, nenda zako. Akikubali, iendeshe FurMark, programu ya kuifanyisha kadi kazi nzito, robo saa mbele yake, uangalie joto na usikilize feni. Usione haya, pesa ni yako.

Kwa bajeti kama hiyo kadi ya kutafuta ni RX 6600 iliyotumika. Ilitoka Oktoba 2021, ina GB 8, yala wati 132 tu, na kwa 1080p yatosha kabisa. Kadi nyingi zilizotumika ziliingia sokoni baada ya Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, kuacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, na watu waziogopa sana hizo za kuchimbia, mimi siziogopi mradi feni ni nzima na imepita kipimo. Karibu nusu ya pesa yako iende hapo. Kwenye prosesa usimwage pesa nyingi. Ryzen 5 5600 ina kori 6 na yala wati 65, Core i3-12100F ina kori 4 na ni nafuu zaidi, yoyote kati ya hizo itaipita ile i7 ya kizazi cha nne uliyowekewa. Ukichukua mazabodi (bodi kuu) ya B450 hakikisha BIOS yake imesasishwa kwa Ryzen za 5000, la sivyo haitawaka. RAM GB 16, vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16, viwili vyapitisha data kwa njia mbili. Na RAM nunua iliyotumika kama waipata, bei zake zilipanda sana dunia nzima mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vimeelekeza memori kwenye mashine za AI. SSD (diski ya kuhifadhia) yoyote ya NVMe ya kampuni inayojulikana, basi.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni umeme, na hapa naomba munisikize vizuri kwa sababu video zote mnazotazama zimetengenezwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Hapa kwetu ukikatika, ukirudi warudi kwa kishindo. Pawa saplai ya bure ya kwenye kesi haina ulinzi wa maana, ishike mkononi uone ilivyo nyepesi, hiyo 700W ni maandishi tu. Ikifa yaweza kuondoka na mazabodi na kadi pamoja. Mashine niliyokutajia haifiki hata wati 300 ukicheza, kwa hivyo 550W ya kampuni ya kweli yatosha na yabaki. Na musidanganywe na alama ya 80 Plus, ile yaeleza umeme kiasi gani wapotea kuwa joto, haisemi kama itakulinda. Afu nunua gadi ya TV, hizi zinazosubiri kidogo umeme ukirudi kabla ya kupitisha. Nani hana gadi ya fridge nyumbani? Nyama ya kilo mbili twailinda, kompyuta ya 70,000 twaichomeka ukutani hivi hivi! Umeme kwanza. Taa utanunua hata mwakani.

Na joto. Miezi ya kaskazi chumba chenye mabati juu chapita 32 saa za mchana, sasa ukiziba uso wa kesi kwa kioo hewa itaingilia wapi? Chukua kesi yenye wavu mbele, feni mbili ziingize, moja nyuma itoe. Walio Nyali, Bamburi, Shanzu, walio karibu na bahari, usiiweke mashine mbele ya dirisha, upepo ule una chumvi na chumvi yala chuma. Ndiyo maana kadi iliyotumika naangalia kwanza skrubu na kile kibati cha nyuma, nikiona kutu najua ilikoishi.

Kompyuta za ofisi za eksi-yuukei, zilizotumika Uingereza, pia ni njia nzuri kwa mwenye pesa kidogo, ila chukua ile kubwa ya mnara. Dell OptiPlex nyembamba hukubali kadi za kimo kifupi (low profile) tu, na nyingi pawa saplai zake ni za umbo lao wenyewe, huwezi kubandika ya kawaida.

Ukiagiza Nairobi vitu vije kwa basi, muombe muuzaji akurekodie video kadi ikiwa yafanya kazi na namba yake ya utambulisho (serial) ionekane, na atoe kadi kwenye mazabodi kabla ya kufunga.

Siku ya kuwasha, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Ryzen 5 5600 na hiyo 12100F hazina grafiksi ndani, kwa hivyo ukichomeka kwenye mazabodi kioo kitabaki cheusi na utafikiri umeunguza kitu. Hukuunguza. Hamisha waya, uwashe tena.