Ukiulizwa rangi na asili huku Marekani, usijaze kama mimi

Fomu yangu ya kwanza huku Ohio niliijaza kliniki, hata wiki mbili sijamaliza tangu nishuke ndege, na niliiharibu. Swali la rangi nikaweka alama kwa Mweusi, hapo sawa, halafu likaja swali la pili ambalo mimi nililielewa wanauliza kabila, nikasema ala, kumbe hawa wanataka kujua habari za Wadigo? Natafuta Mdigo sioni, Mkenya pia sioni, majibu yenyewe mawili tu, Mlatino au si Mlatino. Wakati huo Mlatino simjui ni nani, kumbe ni mtu wa asili ya Mexico, Cuba na nchi kama hizo za Kihispania, nikaona nikijibu "si" ni kama nakana kuwa nina kabila, basi nikachagua lile la kwanza. Mwezi mzima napigiwa simu kwa Kihispania kukumbushwa apointimenti.

Wewe unayekuja, jua hivi. Rangi huku ni fungu ambalo mtu anakutia kwa kukuangalia tu kabla hujafungua mdomo, na mafungu yenyewe ni serikali iliyoyapanga, hayakutoka mbinguni. Kabila ni yale uliyolelewa nayo, lugha, mila, mnaoana na nani, mnazikana vipi, na hayo barabarani hayaonekani. Tukipita mjini Columbus mimi, Mjaluo, Mhaiti na Mmarekani mweusi ambaye mababu zake walikuwa huku tangu enzi za utumwa, polisi anaona weusi wanne basi. Tukikaa kula ndio utajua kila mtu na kwao.

Kali zaidi ni rafiki yangu, Mwarabu wa Mji wa Kale Mombasa, Kiswahili chake kinanishinda mimi mwenyewe. Kufika huku fomu ikamwambia yeye ni mzungu, wallahi, maana kwa kanuni za 1997 mwenye asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini alihesabiwa mweupe. Alicheka mpaka machozi, kwa sababu pale eapoti walipomtoa kwenye foleni wampekue hakuna aliyemuona mzungu. Machi 2024 serikali ikawapa fungu lao na yale maswali mawili ikayafanya moja, ila fomu za zamani bado zimejaa, utakutana nazo zote.

Na tusiwacheke sana, kwetu Kenya pia kabila ni muhuri wa serikali. Wamakonde, wazee wao walitoka Msumbiji, wamekaa Kwale miaka na miaka bila vitambulisho mpaka 2016 wakafunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, 2017 wakawa kabila la 43. Mwaka huohuo Wahindi, ambao sote tulikuwa tunawahesabu kwa ngozi, wakatangazwa kabila la 44! Mgujarati na Mpunjabi na Mgoa wote kabila moja, sijui waliulizwa.

Kwa hivyo fomu jaza Mweusi, si Mlatino, pakiwa na nafasi andika Mkenya au kabila lako, na kama wazazi wako wamechanganya unaruhusiwa alama zaidi ya moja. Fomu za kazi swali hilo mara nyingi ni hiari, ukitaka liruke.

Kwa daktari ndio usitosheke na alama. Selimundu kwa mfano, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, haifuati ngozi, inafuata kule malaria ilikokaa vizazi na vizazi, ndio maana Pwani na upande wa Ziwa iko sana na kule juu kwenye baridi ni kidogo, na hata Ugiriki na India ipo. Sema umetoka wapi na nani kwenu anaugua. Mimi mpaka nilipotaja mtoto wa mamangu mdogo anayeugua selimundu ndio daktari akaandika kipimo, na ile alama ya Mweusi alikuwa nayo mbele yake tangu siku ya kwanza.

Nilirudi mapokezi kurekebisha ule Ulatino. Dada akaniuliza, sasa wewe ni nani? Nikamwambia Mdigo. Akaangalia kompyuta, akaniangalia, akabonyeza "nyingineyo".